Mwongozo kamili: kuandaa kongamano la kripto Arusha au Moshi na kulirekodi mpaka lisikike

Nimeletewa rekodi za vikao vya kripto (pesa za kidijitali kama bitcoin) kutoka Sakina, Njiro, Usa River mpaka Moshi mjini na karibu zote zina ugonjwa mmoja, picha inaonekana vizuri ila sauti ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Maswali ya watu ndo kabisa hayasikiki. Kikao cha siku nzima, watu wameacha kazi zao, na kilichobaki ni video hakuna anayeweza kuimaliza.

Chanzo ni kimoja. Watu wanapanga ukumbi, wanapanga chakula, wanapanga fulana, afu siku mbili kabla ndo mtu anauliza "hivi nani anashuti?" Geuza hiyo. Anza na kurekodi, mengine yote yafuate hapo. Ukumbini utaingiza watu mia na kitu, lakini yule kijana wa Karatu au Same ambaye juzi tu kapigwa hela zake na tapeli wa Telegram hatakuja, nauli hana na ruhusa kazini hana, yeye atalipata kongamano kwenye simu peke yake. Kwaiyo ile rekodi ndo kongamano lake.

Humu nimechukulia kongamano la siku moja, watu 100 mpaka 150, ukumbi mmoja. Kama lako ni dogo zaidi punguza vifaa ila usiruke hatua.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

Watu sita ambao siku hiyo hawatakuwa na kazi nyingine: wa sauti, wawili wa kamera, wa skrini na slaidi, wa mlangoni, na wa mafaili. MC simhesabu humo. Ukimpa mtu wa sauti kazi ya kupokea wageni pia umeshapoteza sauti, nimeliona hili mara nyingi mno.

Vifaa vya sauti: rekoda ya sauti inayojitegemea, maiki mbili za kifuani, maiki tatu za mkononi (mbili zinazunguka kwa wauliza maswali), nyaya za XLR (zile nene za maiki) angalau nne, DI boksi moja au mbili (kiboksi cha kukata mlio wa umeme kwenye sauti ya laptopu), hedifoni zinazofunika masikio, na betri mpya za AA za kutosha kubadilisha zote mara mbili.

Vifaa vya picha: kamera mbili au kamera moja na simu nzuri, stendi mbili zisizotikisika, kapcha kadi ya kunasa skrini ya msemaji, na laptopu yenye OBS Studio, programu ya kurekodi skrini ambayo ni ya bure.

Umeme na hifadhi: UPS moja nzuri (betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika), ekstensheni ndefu, gundi ya kitambaa ya kubandika nyaya chini, memori kadi, na hadidiski mbili za nje. Hesabu ya kadi ni rahisi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula kama GB 22.5 kwa saa, kwa hiyo saa saba ni karibu GB 158 kwa kamera moja. Ukija na kadi ya GB 64 utakwama kabla ya chai ya saa sita.

Mwisho, fomu za ridhaa zilizochapwa na tepe za shingoni za rangi mbili. Usizidharau hizi, nitakwambia kwa nini.

Hatua ya 1: Andika mtu atatoka akijua nini

Kabla ya kumpigia msemaji yeyote andika sentensi moja: jioni mtu akitoka mlangoni ataweza kufanya nini ambacho asubuhi alikuwa hawezi? Mfano, "ataweza kutunza maneno yake ya siri na kumtambua tapeli kabla hajatuma hela" (maneno ya siri ni yale, mara nyingi 12, yanayofungua waleti, yaani pochi ya kripto). Usiandike "kukuza uelewa wa blokcheini" (daftari la mtandaoni linaloandika miamala ya kripto), hiyo haikusaidii kumkatalia mtu, na kazi kubwa ya mwandaaji ni kukataa.

Ukishaipata hiyo sentensi chagua mada sita tu. Kila mada dakika 25 za kuongea na 15 za maswali. Sababu ni ya kurekodi kabisa: kipande cha dakika 25 mtu anakisikiliza akiwa kwenye kifodi kutoka Ngaramtoni mpaka mjini, cha saa moja na nusu hakifungui. Na dakika 15 za maswali ndo zenye dhahabu, maana pale ndo mama wa soko la Kilombero anauliza "nikituma kwenye namba isiyo sahihi inarudi?" na jibu (hairudi, hamna wa kumpigia akurudishie) linakuwa na uzito kuliko slaidi arobaini.

Hatua ya 2: Tarehe

Epuka masika, Machi mpaka Mei. Sisemi kwa ajili ya matope tu, nasema kwa ajili ya mabati. Kumbi nyingi za kwetu hazina dari nzito na mvua ya Aprili ikipiga juu ya bati hakuna maiki wala fundi atakayekuokoa.

Moshi epuka pia wikiendi ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, vyumba vinaisha. Na Desemba kuanzia katikati Wachaga wanarudi nyumbani, barabara ya Arusha–Moshi ni kilomita 80 hivi ila kipindi hicho usimwahidi msemaji saa ya kufika.

Jumamosi ndo watu wanapatikana lakini ndo siku ya harusi na sendofu. Uliza ukumbi wa jirani una nini siku hiyo, maana fundi mitambo wa harusi anaanza kujaribu spika saa tisa alasiri na besi yake inapita ukutani. Mimi nafunga mada ya mwisho saa tisa kasoro. Na kama wapo Wasabato wengi kwenye kundi lako, Jumamosi umewaacha nje, Ijumaa nayo unakata saa sita na nusu watu waende swala. Waulize watu wako, usiamue peke yako.

Hatua ya 3: Mambo ya serikali, mapema

Hapa watu wanaogopa wanajificha, na kujificha ndo kunakoleta shida. Kongamano la kuelimishana halina haja ya kufanywa kimyakimya ila lazima ujue umesimama wapi.

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, shilingi ndo fedha halali. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza aliwaambia Benki Kuu waanze kujiandaa na mabadiliko haya. Afu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Hayo matatu MC wako ayajue kwa kichwa, maana swali la kwanza la siku litakuwa "hivi hii kitu inaruhusiwa?" na ukimwacha kila msemaji ajibu kivyake rekodi yako itakuwa na majibu manne yanayopingana.

Tiketi weka bei kwa shilingi na upokee kwa lipa namba. Usiuze tiketi kwa USDT (kripto inayofuata thamani ya dola) hata kama watu wanaomba, na usiandike bei kwa dola, kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza na kulipisha bei za ndani kwa fedha za nje.

Barua peleka serikali ya mtaa na polisi wilaya, na nakala iliyogongwa muhuri ikae mlangoni. Benki Kuu ina tawi Arusha, TRA (mamlaka ya mapato) ipo, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wana ofisi ya kanda ya kaskazini hapahapa Arusha. Waandikie wote uwaalike, na TCRA waulize hukohuko kama unachotaka kurusha mtandaoni kinahitaji leseni. Ukitaka drone iruke juu ya ukumbi, kibali kinatoka TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na kwa maoni yangu haina faida yoyote kwa kongamano, hiyo hela nunua maiki.

Umefanikiwa hapa kama wiki tatu kabla una barua zenye mihuri na afisa hata mmoja amekubali kukaa kwenye kipindi cha maswali. Mtu wa kodi akijibu maswali dakika 15 mbele ya kamera, kipande hicho kitasikilizwa kuliko vyote.

Hatua ya 4: Ukumbi ukague kwa masikio

Ingia ukumbini ukiwa mwenyewe, simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mkia wa sauti unaendelea baada ya kofi, ukumbi huo una mwangwi. Marumaru chini na vioo pande mbili ndo mbaya zaidi. Zulia, mapazia mazito na viti vya vitambaa ndo rafiki zako. Kofi linakwambia kweli kuliko picha za ukumbi kwenye simu ya meneja.

Kaa kimya dakika tano uhesabu unachosikia: gereji, baa, msikiti au kanisa jirani, pikipiki za stendi, friji la vinywaji nyuma ya pazia. Friji unaweza kuomba lizimwe, gereji huwezi. Nenda siku na saa ileile ya kongamano, ukienda Jumanne saa nne kusikiliza ukumbi wa Jumamosi mchana hujausikiliza.

Mwambie meneja wawashe jenereta ukiwepo. Unataka kujua vitu viwili, linachukua sekunde ngapi kushika, na linasikika kiasi gani jukwaani.

AICC (kituo cha kimataifa cha mikutano Arusha) ni mahali pazuri kwa mkutano mkubwa na mafundi wao wamezoea kazi, lakini watu 120 kwenye ukumbi mkubwa wanaonekana kama hawajaja, kwaiyo kama utaenda pale omba chumba kidogo. Kwa saizi hii kumbi za hoteli za kati na za vyuo, Arusha na Moshi, zinatosha kabisa.

Hatua ya 5: Wasemaji, na mlango wa matapeli

Kila msemaji asaini karatasi moja yenye masharti haya: hauzi kitu jukwaani, haahidi faida, haweki linki ya kumwingizia kamisheni, slaidi zinafika siku tatu kabla, na hamna QR code yoyote kwenye slaidi ambayo waandaaji hawajaiskani wenyewe. Asiyetaka kusaini mwache. Hata akiwa na wafuasi laki moja mwache.

Nasisitiza kwa sababu rekodi yako ina nguvu ambayo huioni. Mtu akiahidi "asilimia 30 kwa mwezi" jukwaani kwako, kipande hicho kitakatwa na kuzungushwa WhatsApp kikiwa na bango la kongamano lako nyuma, na yule mjane atakayeingiza pesa zake za VICOBA atakuwa ameamini bango.

Sasa hili lifuatalo lisome mara mbili. Kwenye kikao kimoja Moshi msemaji mzuri tu, mkweli, alikuwa anaonyesha watu jinsi ya kufungua waleti mpya, akaunganisha simu yake kwenye projekta, akabonyeza, maneno 12 yote yakatokea ukutani. Alitumia waleti aliyokuwa anataka kuendelea kuitumia. Ukumbi mzima umeona, kamera mbili zimeona, kapcha kadi imenasa kwa herufi safi. Mimi niligundua usiku wakati wa kuediti, nikampigia saa hiyohiyo, akatengeneza waleti nyingine akahamisha kila kitu. Hakuibiwa. Lakini kati ya saa tano asubuhi na saa nne usiku mtu yeyote mwenye picha ya ule ukuta alikuwa ana funguo zake.

Kwaiyo sheria: maonyesho yote yafanyike kwenye mtandao wa majaribio wa Bitcoin ambao coin zake hazina thamani, au kwa video aliyoirekodi nyumbani na wewe umeiangalia. Simu ya msemaji yenye waleti yake halisi haigusi projekta. Hata anwani tu na salio visionekane, blokcheini iko wazi, aliyeiona anwani ataweza kufuatilia kinachoingia na kutoka miaka yote.

Na ikitokea maneno yameonekana, waleti hiyo imekufa. Simamisha kipindi, mpe dakika kumi akae pembeni afungue mpya ahamishe. Usisubiri mpaka usiku kama ilivyotokea kwetu.

Hatua ya 6: Ridhaa na tepe za rangi

Mlangoni kila mtu achague: tepe ya kijani, unaweza kunishuti, tepe nyekundu, usinishuti. Anasaini fomu fupi ya Kiswahili inayosema rekodi itaenda wapi na ataombaje kuondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na sura ya mtu ni taarifa yake.

Lakini sheria pembeni, kuna usalama wa kawaida. Mtu akionekana usoni anasema "mimi nina bitcoin tangu 2017" na jirani zake wanamjua anakaa nyumba ipi pale Kijenge, umemtangazia. Muamala wa kripto haurudishwi, mwizi anajua hilo. Kwaiyo kamera zitazame jukwaa, upande mmoja wa ukumbi uwe wa tepe nyekundu na kamera haigeuki huko, na sauti za wauliza maswali zirekodiwe bila sura zao. MC aseme asubuhi: ukiuliza swali usitaje jina wala kiasi ulichonacho.

Hatua ya 7: Sauti

Hapa ndo penyewe, nenda taratibu.

Sauti ichukuliwe kutoka kwenye mixa kwenda kwenye rekoda yako kwa waya. Kamera iliyokaa mwisho wa ukumbi inasikia spika, ukuta, kikohozi na feni kabla haijamsikia msemaji.

Mwambie fundi mitambo wa ukumbi akupe AUX (njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye mixa), sio njia kuu inayokwenda kwenye spika. Kwa nini? Siku nzima yeye atakuwa anapandisha na kushusha ile njia kuu kulingana na ukumbi, watu wakiingia anaongeza, spika zikipiga filimbi anapunguza, na rekodi yako itapanda na kushuka naye. AUX ukiiomba iwe kabla ya feda (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti kwenye mixa) haitikiswi na hayo. Mfikie huyu fundi mapema, mfahamu, mnywe naye chai. Ni mtu muhimu kuliko mgeni rasmi kwa kazi yako, na ukimfokea mbele za watu utapewa waya mbovu.

Kwenye rekoda chagua ingizo la "line". Ukiliacha kwenye "mic" sauti itapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki kwa programu yoyote. Weka kiwango ili kilele cha msemaji kiguse –12 dB, sio sifuri, maana mtu wa kwanza akichekesha ukumbi na kupaza sauti utahitaji ile nafasi. Kama rekoda yako inaweza kurekodi nakala ya pili iliyo chini zaidi, washa.

Ukisikia mlio wa "mmmmm" usioisha, huo ni umeme. Mara nyingi laptopu ya msemaji imechomekwa soketi moja na mixa nyingine. Chomeka zote kwenye ekstensheni moja, mlio ukibaki pitisha laptopu kwenye DI boksi. Ukichomoa chaja ya laptopu na mlio ukakatika umeshajua mwizi ni nani.

Maiki ya kifuani ikae kwenye mfupa wa kifua, kiganja kimoja chini ya kidevu. Mkufu, shuka la kimasai, ushanga, tepe ya shingoni, vyote vinasugua maiki. Mwombe mtu kwa heshima, "mama, naomba tuusogeze ushanga kidogo", dakika moja tu. Kwa mzungumzaji anayegeuza kichwa sana mpe maiki ya mkononi.

Wauliza maswali ndo kila mtu anawasahau. Sheria ya ukumbi iwe hakuna maiki hakuna swali, na MC aisimamie hata kwa mheshimiwa. Kama swali limeshapigwa kelele bila maiki, msemaji alirudie kabla ya kujibu. Bila hivyo rekodi yako itakuwa na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyasikia.

Betri badilisha zote wakati wa chakula hata kama zinaonyesha nusu. Nusu ya saa saba mchana ni sifuri ya saa nane.

Akiba: simu moja ikiwa kwenye hali ya ndege, imewekwa juu ya kitambaa pale kwenye meza ya msemaji, inarekodi asubuhi mpaka mwisho. Haitakuwa nzuri lakini siku rekoda ikigoma utaishukuru.

Na mtu wa sauti avae hedifoni muda wote. Taa za mixa zinaonyesha kuna sauti, hazionyeshi ni sauti ya nini. Nimewahi kukaa nikiangalia taa zinacheza vizuri kabisa kumbe kinachoingia ni muziki wa simu ya fundi.

Umefanikiwa hivi: rekodi dakika moja ya majaribio, ihamishie kwenye simu ya bei ya chini, toka nje simama kando ya barabara, cheza kwa spika ya simu. Ukielewa kila neno, funga mitambo. Ukikosa hata maneno matatu rudi ndani.

Hatua ya 8: Picha na skrini

Umeme wetu ni hezi 50. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, ukiacha fremu 30 iliyokuja nayo kiwandani taa za ukumbi zinaweza kuleta mistari inayopepesuka kwenye video. Mwanga na rangi funga kwa mkono, usiache otomatiki, kila slaidi nyeupe ikiingia kamera itamfanya msemaji kuwa kivuli.

Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma zinajizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Ijaribu yako nyumbani, na kama ndo hivyo basi izimwe na kuwashwa kati ya mada na maswali, usisubiri ijizimie. Kadi ziumbize (format) kwa exFAT, kwenye FAT32 faili moja haliwezi kuzidi GB 4.

Slaidi zinase kwa kapcha kadi kwenye laptopu, usizishuti ukutani. Ukutani namba hazisomeki. Laptopu ya slaidi iwe moja, ya kwenu, wasemaji wote waitumie hiyo, na notifikesheni za WhatsApp na meseji zimezimwa. Namba ya siri ya kuthibitisha inayoingia kwa meseji ikitokea skrini mbele ya watu ni hatari ileile ya hatua ya 5.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Timu ifike saa kumi na mbili asubuhi, watu waingie saa mbili na nusu, mada ya kwanza saa tatu kamili hata kama wamekaa kumi na tano. Ukianza kusubiri, mada ya sita italiwa na harusi ya jirani.

Mixa, rekoda na laptopu ya kunasa viwe kwenye UPS. Umeme ukikatika jenereta linashika baada ya sekunde kadhaa, na rekoda iliyozimika katikati ya faili inaweza kuliacha faili limeharibika lote. Projekta iache izime, itarudi.

Kila mada ikianza mtu apige kofi moja mbele ya kamera zote, ndo utalinganishia sauti na picha wakati wa kuediti. Sema na namba: "mada ya tatu". Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa ukumbi.

Muziki wa mapumziko usiingie kwenye rekodi. Wimbo wa Bongo Fleva nyuma ya mahojiano yako utafanya video idaiwe hakimiliki.

Kurusha moja kwa moja sishauri kwa kongamano la kwanza. Ukirusha huwezi kukata maneno 12 yaliyotokea skrini. Pia kuna matapeli wanaochukua matangazo ya kripto, wanayarusha upya kwenye chaneli feki wakiweka QR ya "tuma moja urudishiwe mbili", na unapowapa matangazo hai umewapa mali. Rekodi, kagua, ndo uachie.

Chakula: wali, maharage, nyama, matunda, maji. Kiwe nje ya ukumbi, sahani zinaingia kwenye maiki.

Wakati wa chakula mtu wa mafaili hali kwanza. Anahamisha kadi zote za asubuhi kwenye hadidiski mbili, anafungua kila faili na kulisikiliza mwanzo, katikati na mwisho, ndo anakula.

Hatua ya 10: Kuediti na kulifikisha

Jioni hadidiski mbili zisipande gari moja. Moja iende nyumba moja, nyingine nyumba nyingine.

Kabla ya kuediti chochote angalia skrini zote zilizonaswa kwa kasi ya kawaida, watu wawili, mkitafuta maneno ya siri, QR, anwani, namba za simu na sura za tepe nyekundu. Ukikuta, kata kipande au weka boksi jeusi kabisa. Usitie ukungu, ukungu mwepesi juu ya maandishi wenye ujuzi wanaweza kuusoma.

Anza kila kipande na jina la mada na tarehe, maana kodi na sheria zinabadilika na mtu atakayesikiliza miaka miwili mbele ajue ilisemwa lini. Mwanzoni weka sauti ya MC ikisema hatuombi pesa, hatuna QR, ukiona nayo sio sisi.

Achia matoleo mawili. Video ya megabiti 6 kwa sekunde ni GB 2.7 kwa saa, hiyo ni ya wenye waifai. Toleo la pili ni sauti tupu, mono, kilobiti 64, mada ya dakika 25 inakuwa MB 12 tu, inapita WhatsApp, bando la siku linatosha. Hili la pili ndo litafika mbali, na ndo maana tumehangaika na AUX na betri.

Wapelekee wasemaji kwanza, uwape saa 48 za kupinga. Mshiriki akiomba aondolewe muondoe, usibishane naye.

Memori kadi usizifute mpaka nakala mbili zimefunguliwa kwenye kompyuta mbili tofauti na vipande vyote sita vimeshatoka. Afu subiri. Ukipata voisi noti kutoka Mto wa Mbu, mtu ambaye hakukanyaga ukumbini, anauliza kitu kilichosemwa dakika ya 19 ya mada ya nne, jibu siku hiyohiyo, na swali lake liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kongamano linalofuata.